Kompyuta ya Karan na Maksai wa Baba

Isaka, Jumapili, 6 Juni 1999

Jina langu limetoka gazetini. Gazeti limekuja na treni ya jana kutoka Dar, na mpaka linanifikia lilikuwa limepita mikononi mwa makuli wote wa stesheni, ukurasa wa majina umeshaanza kuachia kwenye mkunjo. Langu lilikuwa salama: Apolonia Nkwabi, takwimu. Dereva mmoja wa lori la Rwanda, aliyekuwa dukani akisubiri tairi, akaniuliza takwimu ni kitu gani. Nikamwambia ni kazi ya kuhesabu vitu vya nchi. Akasema, "Basi anza na mashimo ya barabara ya Kahama. Utastaafu hujamaliza."

Mama Karan, mwenye duka, alinipa mkono kwa mara ya kwanza tangu aniajiri. Halafu akanipa sukari nipeleke nyumbani, na hapohapo akanikumbusha nisichelewe kufungua kesho. Ndivyo alivyo. Mume wake, Mzee Dilip, yeye alicheka tu na kusema, "Sasa nani atanitafutia spea kwenye yale maboksi?" Nimefanya kazi kwao tangu nimalize kidato cha sita mwaka jana. Tunauza spea za malori, matairi, na pampu za kunyonya maji kwenye mashimo ya dhahabu.

Chuo kinafunguliwa mwanzoni mwa Oktoba. Nina msimu mzima wa pamba wa kujiandaa. Nimeamua kuuandika.

Jumanne, 8 Juni

Vumbi. Treni ya mizigo haikuja.

Jumamosi, 19 Juni

Karan amerudi kutoka masomoni Nairobi. Ni mtoto wao wa pekee, mkubwa kwangu kwa miaka miwili, anazungumza haraka kama mtu anayeachwa na basi. Ameleta laptopu. Nilikuwa nimeziona kwenye picha tu. Ni ya kijivu, nzito kuliko inavyoonekana, na inafunguka kama kitabu. Aliiweka juu ya kaunta, katikati ya fan belti na makopo ya grisi, na madereva wakaja kuizunguka.

Jioni akaniambia, "Mimi mjomba ananiletea mpya. Hii nauza. Wewe unakwenda kusoma takwimu, Apolonia. Bila hii utahesabu kwa vidole mpaka mwaka wa tatu."

Nikamuuliza bei. Akaitaja. Akiba yangu ya mwaka mzima inafika nusu na kidogo. Nusu iliyobaki ni ng'ombe, na ng'ombe ni wa Baba.

"Sina haraka," Karan akasema. "Nipe jibu mwisho wa Agosti. Kwa sasa jifunze nayo tukishafunga duka."

Nikakubali kabla hajamaliza.

Alhamisi, 24 Juni

Leo nimejua kwa nini naitaka. Karan alinionyesha ukurasa wenye vijumba, safu kwa safu. Nikaingiza matairi yote ya dukani, aina kwa aina, na bei zake. Chini kabisa ikajijumlisha. Kisha akaniambia nibadilishe namba moja tu huko juu. Nikabadilisha, na jumla ya chini ikabadilika yenyewe, papo hapo, bila mtu kuigusa.

Nilikaa nikiitazama kama mtu aliyesalimia jiwe likamwitikia. Nikabadilisha tena. Ikanifuata tena. Karan alichoka akaenda kula, mimi nikabaki. Mama Karan alipokuja kufunga dirisha akaniuliza kama sina kwetu.

Ijumaa, 25 Juni

Umeme umekatika. Betri ya laptopu haikudumu hata maharage kuiva. Karan anasema betri zote ziko hivyo.

Nyumbani, Jumapili, 4 Julai

Nimekuja Masumbwe na lori la mahindi. Pamba imepasuka shamba zima, nyeupe mpaka kwenye mto. Nimechuma na Mama tangu asubuhi, vidole vimechanika.

Baada ya chakula nikamweleza Baba. Nilikuwa nimejipanga kuanzia Kahama mpaka hapa. Nilianza na chuo, nikaja kwenye takwimu, nikamalizia na laptopu. Yeye huiita lapitopu. Alisikiliza yote bila kunikatiza, mswaki wake wa mti mdomoni.

"Inakula nini?" akauliza.

"Umeme, baba."

"Umeme uko huko chuoni?"

"Uko."

"Na hapa?"

"Hapa hakuna."

"Basi ukija likizo itafunga kula."

Mama akacheka. Nami nikacheka, maana lilikuwa zuri. Lakini nikamwambia kwamba nikija likizo nitakuja kuchuma pamba, nayo mashine itafungua nikirudi chuoni. Ndipo akatoa silaha yake. Redio imesema mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitachanganyikiwa. Zitadhani dunia imerudi nyuma miaka mia. Nyingine zitakufa kabisa.

"Mtu anayenunua ng'ombe Julai na anajua atakufa Desemba," Baba akasema, "tunamwitaje, mayu?"

Anapenda kuniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na huniita hivyo zaidi anapotaka kunikatalia. Nikamjibu kwamba mimi sinunui ng'ombe mgonjwa bila kumpima. Nitaipima. Akasema mashine haina ulimi wa kuutazama wala kinyesi cha kukikagua. Tukaachia hapo. Ni mkaidi, nami ni mtoto wake.

Isaka, Ijumaa, 9 Julai

Nimeipima.

Kwenye laptopu kuna mahali pa kubadilisha tarehe. Nikaweka usiku wa mwisho wa Desemba, dakika moja kabla ya mwaka mpya. Nikamwita Karan aje kuangalia. Alikuja mpaka mlangoni akasimama.

"Ikifa?" akauliza.

"Ikifa leo tutajua leo."

Kumbe yeye hajawahi kujaribu. Alisimama kule mlangoni, mikono mfukoni, akitazama pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Mimi nilikaa mbele ya kioo. Namba zilipinduka na mwaka elfu mbili ukaja, umeandikwa vizuri, sifuri zote tatu. Nikafungua ukurasa wangu wa matairi. Matairi yote yapo.

"Inaishi," nikamwambia.

Akapumua, akaketi juu ya boksi la pampu, na ukweli ukatoka. Mjomba wake ndiye aliyemwambia auze mashine hii kabla ya Desemba, asije akabaki na chuma. Hakutaka kunidhulumu, alisema. Alikuwa hajui, na hakutaka kujua. Nilimwamini. Mpaka leo nilikuwa namwona Karan kama mtu anayejua kila kitu kilichoko ndani ya lile sanduku. Sasa naona amezisoma kurasa za mwanzo tu, kama mimi. Tofauti ni kwamba mimi nataka kuendelea.

Jumatatu, 12 Julai

Nimepeleka salamu kwa Baba kupitia dereva anayepita Masumbwe: nimempima mnyama, mzima.

Jumatano, 21 Julai

Jibu limerudi kwa dereva yuleyule: "Mwambie nimesikia." Basi. Kwa Baba neno hilo halina ndiyo wala hapana.

Ijumaa, 30 Julai

Upepo, vumbi, nyuzi za pamba kutoka kwenye malori yanayopita. Nimeifunika laptopu kwa kanga.

Nyumbani, Jumapili, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima, na bei ya pamba imeanguka. Wakulima wamekaa kwenye magunia yao kituo cha kununulia, hakuna aliyecheza ngoma.

Kaka yangu Marcel amekuja kutoka Rwamgasa. Anachimba dhahabu huko mwaka wa tatu sasa, yeye na wenzake wana duara lao, yaani shimo lao, ambalo limewapa simulizi nyingi kuliko dhahabu. Alikuja na mkate na sabuni za kunukia, na akaanza kunicheka kabla hajakaa.

"Nasikia unataka kununua kitu cha kukunja."

"Cha kufungua," nikamwambia.

Akamgeukia Baba. "Baba, vitu hivyo navijua. Kule kwetu kuna wageni wanapima ardhi. Wanakaa chini ya turubai kwenye kivuli, wameoga, wamefungua kitu kama kitabu. Wanaangalia, wanaangalia, halafu wanasema toboeni pale. Sisi tumechimba mwaka mzima kwa kubahatisha, tumepata maji. Wao hawajashika hata sururu."

Alikuwa anataka kuchekesha. Baba hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Wanaangalia kwenye kitu hicho, ndipo wanajua pa kutoboa?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe unachimba bila hicho."

"Mimi nachimba kwa mikono yangu."

"Nimekuuliza tu," Baba akasema. Baadaye, tukiwa tunapeleka ng'ombe kunywa, nikamsikia anamuuliza Marcel swali lilelile tena, polepole.

Isaka, Jumamosi, 14 Agosti

Gulnaz ameshuka na treni ya Dar, ambayo leo imeishia hapa. Ni binti wa Mzee Hozefa, mfanyabiashara wa Shinyanga anayechukua spea kwetu, na anaingia mwaka wa tatu katika chuo hichohicho ninachokwenda. Gari la baba yake lilichelewa kumfuata, kwa hiyo akakaa dukani mpaka jioni, tukala mihogo ya kukaanga, nami nikamuuliza kila kitu.

"Kompyuta zipo chumba kimoja," alisema. "Wanaotumia ni mwaka wa pili na wa tatu. Mwaka wa kwanza ni chaki na karatasi. Hata ukiwa na ya kwako, mwalimu hataki kazi ya kuchapa. Anataka aone mkono wako ulikopita."

"Kwa hiyo nahitaji nini?"

"Kikokotozi, godoro na ndoo. Ndoo yenye mfuniko."

"Hakuna mwenye laptopu?"

"Walikuwepo wawili darasani kwetu. Mmoja aliibiwa kupitia dirishani, kwa fimbo yenye ndoano. Mwingine analala nayo chini ya shuka." Akacheka, halafu akaacha. "Lakini sitakudanganya, Apolonia. Nilipoingia kile chumba mara ya kwanza niliogopa hata kuuliza inawashwa wapi. Wavulana walikuwa wanacheka. Ningekuwa na yangu, hata mwezi mmoja tu, wasingenicheka."

Basi kichwa changu kikawa na watu wawili, na wote wanaitwa Gulnaz.

Jumatano, 18 Agosti

Nimeamua. Sitanunua mwaka huu.

Nimelala nalo, nimeamka nalo, na asubuhi hii nikiwa nafagia mbele ya duka likakaa sawa. Mwaka wa kwanza haitanifanyia kazi. Nitakuwa mlinzi wake. Nusu ya bei ningeichukua kwenye zizi la Baba, mwaka ambao pamba imeanguka. Na kile ambacho Gulnaz alikikosa, ule mwezi mmoja wa kuizoea, mimi ninacho hapahapa, kila jioni, bure, mpaka siku ya kuondoka.

Sijasikitika. Bado naitaka sana. Lakini kutaka kitu na kukihitaji leo si jambo moja, nami najua kutofautisha. Jumamosi nakwenda nyumbani kuwaambia. Baba atafurahi kwamba ameshinda, na nitamwachia ushindi wake.

Isaka, Jumatatu, 23 Agosti

Naandika siku mbili kwa pamoja, maana sikupata nafasi wala utulivu.

Jumamosi nilifika nyumbani jua likiwa limeshapanda. Mama alikuwa anaanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya jiwe. Aliniona, akasimama, akaifuta mikono bila kunitazama.

"Baba yuko wapi?"

"Amekwenda mnadani. Na Kapteni."

Kapteni na Wasiwasi ni maksai wetu wa kulimia. Wamefundishwa pamoja tangu wakiwa ndama. Wasiwasi peke yake hawezi kuvuta jembe; anasimama tu akitafuta mwenzake. Ukimtoa mmoja umewatoa wote, na mvua zikija unarudi kwenye jembe la mkono.

"Kwa nini Kapteni?"

"Ndiye mwenye bei." Mama akaanza tena kupanga michembe. "Amesema mtoto wake hatachimba kwa kubahatisha. Nimesema naye usiku kucha, Apolonia. Wewe hukumwambia unaitaka? Basi ameisikia."

Sikukaa hata kunywa maji. Nilimwomba jirani yetu Donatus baiskeli, nikajifunga kanga juu ya sketi, nikapanda. Watoto njiani walishangilia. Nilikanyaga mpaka miguu ikawa si yangu.

Mnada ulikuwa umechangamka. Vumbi, ng'ombe, watu wenye fimbo, moshi wa nyama choma. Nilimwona Baba kabla hajaniona. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mama mmoja wa pombe na wazee wenzake, koti lake la sikukuu limevimba kifuani, na alikuwa anasimulia. Nikamsikia akisema "lapitopu". Wazee walikuwa wanatikisa vichwa kwa heshima.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia wote. Mzee mmoja akanijulia hali kwa Kisukuma, "Mhola?" Nikamjibu, "Mhola duhu," na akasema, "Ndiye huyu wa mashine?"

"Ndiye," Baba akasema. Sijawahi kumwona amenyooka mgongo namna ile.

Hapo nikaelewa ugumu wa kazi iliyokuwa mbele yangu. Kumrudisha maksai kulikuwa nusu yake tu. Nusu ya pili ilikuwa kumrudisha baba yangu nyumbani akiwa mgongo wake bado umenyooka.

Nikamwomba pembeni, nyuma ya mti wa kufungia punda.

"Baba, nimekuja kukwambia siinunui mwaka huu."

Aliegemea fimbo yake. "Umeogopa?"

"Hapana."

"Yule Mhindi amekukatalia?"

"Hapana, baba. Nimefikiri mwenyewe." Nikamweleza ya Gulnaz: chaki, karatasi, dirisha, ndoano. Alisikiliza, lakini uso ulikuwa umefungwa.

"Kapteni ameshauzwa," akasema. "Na watu wote pale wanajua kwa nini. Nirudi kwao niseme mtoto amekataa? Mimi si mtu wa kununua na kurudisha kama anayechagua kitenge."

Hapo ndipo nilipopata neno lenyewe. Sikuwa nimeliandaa, lilikuja kwa sababu nilikuwa namtazama yeye na si hoja zangu.

"Baba, kompyuta hushuka bei kila mwaka. Ile ya Karan mwakani itakuwa nusu, na itakayouzwa kwa bei ya leo itakuwa bora mara mbili. Maksai aliyefundishwa hupanda. Mtu mwenye vyote viwili mbele yake, kimoja kinashuka na kingine kinapanda, anauza kipi kwanza?"

Baba alimtazama ng'ombe mmoja aliyekuwa anapita. Akachukua fimbo yake akarudi kwenye benchi, mimi nyuma yake.

"Wenzangu," akasema, na alisimama kusema, "nimefikiri. Kompyuta hushuka bei, ng'ombe hupanda. Mwanamume hauzi kinachopanda kununua kinachoshuka. Atasubiri ishuke, halafu aikamate."

Kisha mzee mmoja akasema, "Hilo ni neno." Mwingine akarudia polepole, kama anajaribu ladha yake. Baba akanitazama kwa pembe ya jicho. Lilikuwa neno lake sasa, na lilimkaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi.

Lakini Kapteni alikuwa tayari ndani ya lori la Theonest, mfanyabiashara anayepeleka ng'ombe kwa wauza nyama wa Rwamgasa. Ameshapigwa alama ya rangi kwenye nyonga. Theonest ni mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua, na alikuwa anafunga komeo la nyuma.

"Mnadani hakuna kurudisha," akasema. "Nikimshusha huyu, wachimbaji watakula nini kesho? Maelezo yako?"

"Watakula ng'ombe mwingine," nikamwambia. "Ninaye."

Ni ng'ombe wangu mwenyewe. Bibi alinipa mtamba nilipofaulu kwenda sekondari. Amenenepa, ana ngozi nzuri, na hajawahi kushika mimba. Mama amekuwa akimtetea asiuzwe, kwa kuwa ni wa marehemu Bibi.

"Tasa?" Theonest akauliza.

"Tasa, na mnene. Nyama yake haina jasho la jembe. Baba anakurudishia fedha yako yote, na juu ya hilo unamchukua ng'ombe wangu kwa bei utakayotaja wewe, mradi usinitukane. Kwetu ni njiani kwako."

Alivua kofia akajikuna. Akamuuliza Baba, "Mzee, huyu unamsomesha nini?"

"Kuhesabu," Baba akasema.

"Ameshahitimu."

Tukarudi na lori. Baba alikaa mbele na Theonest, nikamsikia njia nzima akieleza jinsi vitu vinavyoshuka na vinavyopanda. Mimi nilisimama nyuma juu ya mbao, nimeshika chuma, baiskeli ya Donatus imefungwa ubavuni, na ng'ombe wakisukumana chini ya miguu yangu. Upepo ulikuwa baridi. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na furaha.

Mama alitoka akashika kiuno. Kapteni aliposhuka, Wasiwasi alilia kutoka zizini. Kisha nikamleta ng'ombe wangu. Mama alielewa bila kuambiwa. Alimpapasa shingo mara moja, akasema kwa Kisukuma maneno ya kumuaga Bibi, akaingia ndani. Theonest alitaja bei ambayo haikuwa tusi, ingawa ilipita karibu. Lori lilipoondoka nililia kidogo nyuma ya ghala la mahindi. Nilikuwa na haki ya kulia na bado ningefanya vilevile.

Jana Jumapili, kabla sijaondoka, Baba alikuwa anamwosha Kapteni rangi ya nyonga kwa majivu na maji. Haikutoka yote.

Jumanne, 24 Agosti

Nimempa Karan jibu. Alinuna kidogo. "Nilikuwekea," akasema. Nikamshukuru, na nikamwomba jambo moja: niendelee kujifunza mpaka nitakapoondoka. Kabla hajajibu, mama yake akasema kutoka nyuma ya rafu, "Ataendelea. Na wewe Karan utakaa naye umfundishe vizuri, si kutembeza vidole." Mwaka mzima nimemwona Mama Karan kama mtu anayehesabu kila kitu. Ni kweli anahesabu. Lakini leo nimejua kwamba na mimi nimo kwenye hesabu zake.

Ijumaa, 3 Septemba

Nimechapa kurasa nne bila kutazama vidole. Karan amechapa moja na nusu.

Jumatano, 15 Septemba

Joto. Mawingu yanakuja na kuondoka. Laptopu imepata mteja, bwana mmoja wa kampuni ya malori, atakuja kuichukua mwezi ujao.

Jumanne, 28 Septemba

Nimenunua ndoo. Ina mfuniko.

Alhamisi, 30 Septemba

Baba amekuja kunisindikiza. Hajawahi kufika Isaka. Alisimama muda mrefu akitazama winchi likinyanyua kontena kutoka kwenye behewa na kulitua juu ya lori, akasema hajui kwa nini watu wanasema binadamu amechoka.

Akaomba kuiona lapitopu. Karan akaifungua juu ya kaunta. Nikamwandikia Baba jina lake, NKWABI, kwa herufi kubwa. Akaniambia niandike ng'ombe. Akaanza kuwataja, kila mmoja na mama yake, na mama wa mama yake, nami nikiwapanga kwenye vijumba. Mzee Dilip aliacha kazi zake akaja kusikiliza. Tulipomaliza nikamwonyesha jinsi ya kuwaita wote wa ukoo mmoja waje pamoja. Wakaja. Baba akacheka mpaka akashika kaunta.

"Mwakani," akamwambia Karan, "ikishuka."

Ijumaa, 1 Oktoba. Stesheni.

Treni imechelewa. Mabehewa ya mizigo yamejaa reli zote, na sisi tumekaa juu ya mzigo wangu. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, nami nilidhani ni usingizi. Kisha akaanza, akitazama reli.

"Mimi nilichaguliwa kwenda Tabora. Shule. Unajua?"

Sikujua. Mama hajawahi kunieleza. Marcel hajui.

"Padri alikuja mwenyewe nyumbani. Alitaka babu yako auze ndama mmoja. Ndama tu, si maksai. Babu yako alisema mtoto atarudi au hatarudi, lakini ndama atakuwa ng'ombe." Akatema mate pembeni. "Ndama alikufa mwaka uleule."

"Ulimkasirikia?"

"Alikuwa baba yangu." Akakaza kamba ya godoro langu. "Ulipokuja na habari za mashine nikasema kama babu yako alivyosema. Nilijisikia nikisema. Ndiyo maana nikamchukua Kapteni asubuhi ile kabla sijasikia tena mdomo wangu."

Nilimshika mkono. Kwetu mtoto hamshiki baba yake mkono mbele za watu, lakini Baba hakuutoa wake.

"Ulinikataza vizuri pale mnadani," akasema. "Lakini ungekuwa umenidanganya kwa kunihurumia, ningekuchapa."

"Sikukuhurumia, baba. Nilipiga hesabu."

"Najua. Nimezirudia mwenyewe njia nzima."

Treni ikapiga honi upande wa Shinyanga, na makuli wakaanza kukimbia. Baba akainua godoro langu kichwani kabla sijamzuia, akatangulia.

Chuoni, Jumanne, 5 Oktoba

Nimefika salama. Chumba changu kina wasichana wengine wawili na dirisha lenye nondo. Nimeshaulizia maktaba, maji, na duka la bei nafuu.

Chumba cha kompyuta kiko ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi. Mlangoni kuna tangazo: mwaka wa kwanza hawaruhusiwi. Chini yake umegongwa muhuri. Nililisoma lote, mpaka jina la msimamizi, Bwana Herman. Ndani nilisikia vidole vikichapa, polepole sana, kimoja kimoja.

Nikanyoosha kanga yangu, nikabisha hodi.